MIKONO MITUPU HAIZIMI MOTO

Mvua za Ugogo hukatika mwezi wa Aprili. Ifikapo Juni nyasi zimekauka. Ifikapo Agosti upepo wa kiangazi umekwisha kuyafanya hata mabua yaliyosalia mashambani kuwa kama karatasi. Na tangu hapo hadi mvua za Desemba, kila kijiji cha Wilaya ya Mpwapwa, kuanzia Chunyu hadi Galigali, huishi jirani na moto. Mrina asali mmoja anayeacha mwenge wake chini ya mti, mchoma mkaa mmoja anayelala kabla tanuri lake halijapoa, mkulima mmoja anayesafisha shamba kwa kiberiti mchana wa upepo, yeyote kati yao anatosha kuteketeza mlima mzima.

Basi moto ukizuka, ni nani anayefika kwanza? Mkuu wa idara hafiki. Gari jekundu lenye king'ora halifiki. Anayefika ni jirani. Huja mbio baada ya kusikia yowe, au baada ya rimu ya gari iliyotundikwa shuleni kugongwa kwa saa isiyo yake, naye ameshika panga, jembe na tawi bichi. Hupambana na moto usiku kucha. Alfajiri hurudi nyumbani nyayo zimeungua na mpini wa jembe umegeuka kaa, wala hakuna ofisi inayoandika jina lake.

Mtu huyo tunamwita mwananchi mwenye moyo wa kujitolea. Tunamsifu katika mikutano, tunampigia makofi, kisha tunapoketi kuandaa makisio ya mapato na matumizi ya halmashauri tunamsahau mpaka kiangazi kingine. Hoja ya makala haya ni moja tu: vikundi vya wananchi wanaozima moto vijijini kwa kujitolea vipewe ruzuku ya kila mwaka, iliyoandikwa katika bajeti kwa jina lake, na inayofika kijijini kabla ya kiangazi. Kuwasifu bila kuwapa zana ni dhuluma iliyovikwa nguo ya heshima.

Hesabu ya umbali na dakika

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Na. 14 ya mwaka 2007, iliunda jeshi moja la taifa kwa kazi hii. Lilikuwa jambo jema, kwani kabla yake huduma ilikuwa imetawanyika mikononi mwa mamlaka mbalimbali, na kila moja ilijifanyia kadiri ya uwezo wake. Leo mwananchi mwenye simu anaweza kupiga namba 114 akaomba msaada. Lakini namba ya simu haifupishi barabara. Kutoka Dodoma hadi Mpwapwa mjini ni kiasi cha kilomita 120. Na kutoka Mpwapwa mjini kwenda Kibakwe, Rudi, Lumuma au Wotta kuna makumi mengine ya kilomita, nyingi zikiwa za milima na makorongo.

Tuseme basi, kwa ajili ya hoja, kwamba kila makao makuu ya wilaya nchini yana gari lililojaa maji, lenye dereva aliyeketi na askari waliokwisha kuvaa. Gari hilo likiondoka dakika ileile ya taarifa, kijiji cha mlimani kitalipokea baada ya saa nzima, pengine zaidi. Nyumba iliyoezekwa kwa nyasi huwaka ikaisha kwa dakika chache. Bweni lenye magodoro ya sponji hujaa moshi wa sumu kabla hata boriti hazijashika moto. Haya si maneno ya kuwalaumu askari wa zimamoto, ambao kazi yao ni ya hatari na wengi wao ni mashujaa. Umbali hausikii amri ya mtu yeyote.

Wazee wa Ugogo waliielewa hatari hii kwa namna yao. Tembe, nyumba yenye paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo, haikuwa upesi wa kushika cheche, na maboma yalijengwa mbalimbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma ilizikusanya kaya katika vijiji ili shule, zahanati na maji viwafikie watu. Nyumba zilisogeleana. Baadaye nguzo za umeme zilizosimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini zikaja, na kila mwenye akili anashukuru. Lakini pamoja na taa zilikuja waya zilizounganishwa na mafundi wa kubahatisha na soketi moja inayobeba pasi, redio na jiko. Tulipeleka umeme kijijini, hatukupeleka mtu aliyefundishwa kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji kabla ya umeme kukatwa. Huduma moja ikitangulia na kinga yake ikabaki nyuma, tumefanya nusu ya kazi.

Moto unaokula udongo

Wako watumishi wanaodhani kwamba moto wa porini ni jambo dogo, kwa kuwa nyasi zitaota tena. Hao wangefaa kukumbushwa historia ya Mpwapwa yenyewe. Katika miaka ya 1930, katika kituo cha mifugo cha hapa hapa Mpwapwa, watafiti walipima kiasi cha maji na udongo kinachochukuliwa na mvua katika viwanja vya namna mbalimbali: vilivyoachwa vitupu, vilivyolimwa, na vilivyofunikwa kwa majani. Jibu lilikuwa wazi. Ardhi iliyo uchi hupoteza maji na udongo mwingi kuliko ardhi iliyofunikwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, kwa sababu mkoa huu ulikuwa unaliwa na makorongo.

Moto wa Septemba huivua ardhi nguo yake miezi miwili au mitatu kabla ya mvua ya kwanza. Mvua hiyo inaposhuka kwa nguvu, kama ilivyo desturi yake katika uwanda wa kati, hukuta mlima hauna hata unyasi wa kuizuia. Udongo hushuka bondeni, na mito hujaa mchanga. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe, na hasara ilikuwa ya taifa zima. Sisemi kwamba moto peke yake uliing'oa reli: mifugo mingi, ukataji wa miti na kilimo cha kwenye miteremko vina sehemu yake. Nasema kwamba taifa linalolipa gharama kubwa ya kufukua mchanga chini ya mlima lingeweza kulipa gharama ndogo ya kuulinda mlima usiungue.

Na mfugaji je? Wilaya hii imelipa taifa aina ya ng'ombe yenye jina lake, ng'ombe wa Mpwapwa, matunda ya kazi ya miaka mingi ya wataalamu. Lakini ng'ombe awe wa kienyeji au wa utafiti, mwezi wa Oktoba anahitaji majani makavu yaliyosimama. Malisho ya kiangazi yakiungua, mfugaji huuza kwa bei ya kutupa au huhama, na mwenye kuhama huingia katika shamba la mwingine. Migogoro mingi tunayoisuluhisha ofisini kwa barua ndefu ingezimwa porini kwa reki na bomba la maji la kubeba mgongoni.

Neno kujitolea lisigeuzwe kisingizio

Kujitolea ni neno la heshima katika nchi hii. Madarasa, zahanati na barabara nyingi vilijengwa kwa mikono ya wananchi waliochimba msingi na kusomba mawe. Lakini hata katika kazi hizo serikali ilitakiwa kuleta bati, misumari na saruji. Hakuna aliyewaambia wananchi wayeyushe chuma wapate misumari. Kwa nini basi katika kuzima moto, kazi inayohatarisha uhai, tunamtaka mwananchi atoe nguvu zake, atoe ndoo yake, atoe viatu vyake, na akiungua atoe pia fedha za matibabu yake?

Mtumishi wa umma akiumia kazini analo la kukimbilia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, ni kwa ajili ya walioajiriwa. Mwananchi aliyeungua akizima moto katika msitu wa kijiji hakuajiriwa na mtu. Kwa hiyo yule aliyefanya kazi ya umma bila mshahara ndiye asiyekuwa na kinga. Sisi tunaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi tunapaswa kuona aibu kidogo juu ya jambo hili.

Majibu kwa wanaosita

Hoja ya kwanza inayotolewa na wenye kushika kalamu ni kwamba fedha hazipo. Gari moja jipya la kuzimia moto ni la mamia ya milioni za shilingi, nami sipingi magari hayo yanunuliwe. Lakini reki, mapanga, buti, mabomba ya mgongoni, filimbi, ngazi, mapipa ya mchanga na sanduku la huduma ya kwanza kwa kijiji kizima ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kwa bei ya gari moja, vijiji vingi vya wilaya vingekuwa na zana. Tena tumekwisha kujifunza kwamba penye nia fedha hutengwa. Mwaka 2018 sheria iliagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa marekebisho, ukarudishwa mwaka 2024. Kabla ya sheria wengi walisema haiwezekani. Siombi kugusa fungu hilo. Naomba fungu dogo lake lenyewe, kutoka katika ushuru wa mazao na wa mazao ya misitu, kwa sababu anayelipa ushuru wa alizeti na mtama ndiye ambaye ghala lake huungua. Na wale wanaodai hata hicho kidogo hakipo, waanze kwa kutuonyesha gharama ya semina za kuhamasisha wananchi wapende kujitolea.

Hoja ya pili ni kwamba fedha zitaliwa. Hofu hiyo si ya kubuni. Lakini mwenye kuliwa fedha hakai bila daftari, na dawa ya wizi ni ukaguzi. Kuwanyima waaminifu hakumzuii mwizi. Ruzuku itolewe zaidi kwa zana kuliko kwa fedha taslimu. Kila kifaa kiandikwe katika daftari la kijiji, na daftari lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa desturi ya sheria hukutana kila baada ya miezi mitatu. Bomba la mgongoni lina faida moja kubwa kuliko fedha: likipotea, kijiji kizima huliona mgongoni mwa nani.

Hoja ya tatu ndiyo ya hila zaidi: kwamba ukimsaidia mwenye kujitolea utaua moyo wake. Dunia haikubaliani na hoja hiyo. Nchini Ujerumani, ambayo haina umaskini wetu, sehemu kubwa ya wazimamoto ni wa kujitolea, na sheria zinaziagiza halmashauri ziwe na vikosi vyenye zana. Nchini Chile wazimamoto wote ni wa kujitolea tangu kikosi cha kwanza kilipoundwa Valparaíso mwaka 1851, na serikali yao huwatengea fedha katika bajeti ya taifa. Nchini Marekani walio wengi pia ni wa kujitolea. Tangu mwaka 2001 serikali ya shirikisho imekuwa ikitoa ruzuku kwa vikosi vya zimamoto, na idara yake ya misitu huvikopesha vikosi vya vijijini magari na mitambo ambayo serikali imemaliza kuitumia. Hatukupotea njia kwa kutokuwa na utajiri wa Wamarekani. Lakini hapa kwetu gari kuukuu la serikali hupigwa mnada likaenda kwa mtu binafsi, wakati lingeweza kufungwa tangi la maji likakaa katika kata. Moyo wa kujitolea haufi kwa kupewa buti. Hufa kwa kupuuzwa mwaka baada ya mwaka.

Hoja ya nne ni kwamba kuzima moto ni kazi ya jeshi, raia asiingie. Tulipotaka ulinzi wa mifugo na mali vijijini, sungusungu hawakuambiwa wangoje polisi wa wilaya. Na Oktoba 2020, moto ulipolipuka katika Mlima Kilimanjaro, mamia ya watu wa kujitolea walipanda kuungana na askari wa hifadhi na wa zimamoto, wengi wao wakiwa na matawi mikononi. Mlima maarufu kuliko yote barani Afrika ulipiganiwa kwa matawi. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa mbele ya macho ya dunia, milima ya Mpwapwa isiyopigwa picha na mtalii ina hali gani?

Neno kwa walimu

Ndugu walimu, jambo hili ni lenu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1994 wasichana 42 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa katika bweni la Idodi, Iringa. Mwaka 2020 watoto 10 walikufa katika shule ya Byamungu, Kyerwa. Shule za namna hii ziko mbali na mji, kama zilivyo nyingi za wilaya yetu. Usiku wa namna hiyo mwalimu wa zamu na majirani wa kijiji ndio jeshi la zimamoto, wapende wasipende. Swali ni kama watakuwa jeshi lililofundishwa au kundi la watu wanaolia nje ya mlango uliofungwa.

Mwalimu ndiye anayejua ufunguo wa bweni uko wapi, dirisha lipi lina nondo, na maji yako umbali gani. Kijijini yeye ndiye mwenye kalamu ya kuandika orodha, sauti ya kufundisha na kengele ya kugonga. Kikundi cha kijiji kisicho na mwalimu ndani yake kitakosa nusu ya akili yake. Na shule isiyo na kikundi cha kijiji jirani imelala mlango wazi.

Nini kifanyike

Kwanza, kila mkutano mkuu wa kijiji uchague kikundi cha kuzima moto cha wanaume na wanawake wenye afya, na majina yao yaandikwe kijijini, katika kata na kwa Jeshi la Zimamoto. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya mwaka 2022, imekwisha kuweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati tunazo, kilichokosekana ni mikono yenye zana chini ya kamati hizo.

Pili, askari wa zimamoto wawe walimu wa vikundi hivyo. Siku chache za mafunzo kila mwaka, kabla ya kiangazi, zitatosha kufundisha namna ya kukata kinga ya moto kwa jembe, namna ya kuchoma kinga dhidi ya upepo bila kuzua maafa mapya, namna ya kumtoa mtu katika moshi kwa kutambaa, na wakati gani wa kuacha mali na kuokoa roho. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Lakini dawa hiyo mikononi mwa asiyefundishwa ni sumu.

Tatu, ruzuku ifike kwa wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, siku ambayo nyasi za Mpwapwa zimekwisha kukauka. Fungu linalotolewa robo ya pili humkuta mzimamoto kwenye majivu, na linalotolewa robo ya tatu humkuta akipanda mtama mvuani. Zana za kiangazi kijacho zinunuliwe kwa bajeti ya mwaka unaokwisha na zifike kabla ya mwisho wa Mei. Mhasibu asiyeifahamu kalenda ya mvua asishike kalamu ya fungu hili.

Nne, kila aliyeandikwa katika kikundi alipiwe bima ya afya kwa fungu hilo, na itungwe kanuni ya kumfidia anayeumia au kufa akizima moto. Hapo ndipo tutakapojua kama tunalithamini neno kujitolea au tunalitumia tu.

Tano, vijiji vitumie mamlaka yao ya kutunga sheria ndogo, waliyopewa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, kupiga marufuku uchomaji wa siku za upepo, na faini zitokanazo nazo ziongeze mfuko wa kikundi. Anayewasha ovyo amlipie anayezima.

Ndugu watumishi wenzangu, vikao vya bajeti huja kila mwaka, nasi tutaketi tena na makabrasha yetu. Katika makabrasha hayo kutakuwa na fungu la mafuta ya magari, la chai ya wageni na la posho za vikao. Tutafute ukurasa wenye mzimamoto wa Kibakwe. Kama haupo, tusiupitishe mpango huo huku tukijiita watumishi wa umma. Yeye hangoji barua ya uteuzi wala posho ya mazingira magumu. Rimu ikigongwa usiku atakwenda, kama alivyokwenda siku zote. Iliyobaki ni juu yetu, kwamba akienda aende na buti miguuni na maji mgongoni, asiende tena na tawi.